Nimeomba Injini ya Kupandia Mlima

Jamani, ukitaka kujua una ndugu wangapi, we sema tu kwamba unatafuta injini ya kuweka kwenye kigari chako cha zamani. Watu ambao hawajawahi kukusaidia kulisukuma hata siku moja wanajitokeza, kila mmoja na injini yake kichwani, na ajabu yake hakuna hata mmoja anayejibu nilichouliza.

Na nilichouliza ni kidogo kabisa. Nina Toyota Starlet ya umbo la EP91, zile za 1996 mpaka 1999 kabla Vitz haijaja kukalia kiti chake. Ndani kuna injini inayoitwa 4E-FE, cc 1331, na imefanya kazi mpaka imechoka, hapo simlaumu mtu, hata mimi ningezungushwa namna ile miaka yote hiyo ningekuwa natoa moshi wa bluu. Inakula oili. Asubuhi inapiga misi, yaani inakatakata na kutetemeka. Ukifika kwenye mlima mkali na AC imewashwa inabidi uchague, upande au upoe. Sasa mi nataka injini ambayo nitapanda huku napoa. Basi. Sijasema nataka kushindana na mtu.

Wa kwanza mpwa wangu. "Anko, weka 2JZ." Kasema hivo bila hata kukaa chini. Haya, 2JZ ni injini ya lita 3, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ile ya kwenye Supra, gari la mbio la Toyota, inakaa kwa urefu wa gari na inasukuma matairi ya nyuma. Ya kwangu injini imelala kwa upana na inavuta kwa matairi ya mbele. Kwa hiyo ili iingie inabidi nibomoe ukuta wa mbele ya dashibodi, nichonge handaki katikati la kupitisha propela, lile bomba la kupeleka nguvu nyuma, nitafute difu ya kuzungusha tairi za nyuma niiweke huko nyuma anakokaaga mama mkwe, halafu bado pua ya injini inaweza kuwa nje inasalimia wapita njia. Nikamweleza yote hayo taratibu kabisa. Akaniangalia akasema "si unaongeza tu boneti". Unaongeza boneti! Huyu mtoto simu yake ina intaneti mchana na usiku, angeshindwa nini kutafuta hata urefu wa hiyo kitu kabla hajafungua mdomo?

Shemeji yangu yeye ni mtu wa 4A-GE, injini nyingine ya Toyota. Huyu hata umuulize dawa ya kikohozi atakwambia 4A-GE. Na sio yoyote, ile ya valvu 20, kila silinda valvu tano, tatu za kuingiza na mbili za kutoa, cc 1587, hosipawa 160 kwa ile yenye kifuniko cha silva na 165 kwa ile ya kifuniko cheusi iliyokuja 1995. Na siwezi kusema uongo, ni injini tamu, ikipita inalia mwenyewe nageuka shingo. Ila sikiliza, hizo hosipawa 165 zote zinapatikana huko juu kwenye RPM 7800, yaani injini inazunguka mara 7800 kwa dakika, na mimi nikifikisha 4000 tu mke wangu anashika mpini wa mlango na kuanza kuomba. Hosipawa zangu nyingine zitakaa huko juu zinamsubiri nani? Halafu hata iliyo changa kuliko zote ina miaka yake ishirini na kitu. Natoa mzee namwingiza mzee mwenzake, tofauti ni kwamba huyu wa pili anapenda kukimbia. Na gia boksi yangu haikubaliani nayo kwa boliti, kwa hiyo nayo itoke, na ikitoka hiyo na mashafti yanayoenda kwenye tairi urefu unagoma, na mauntini, vile vishikio vya injini, zinatengenezwa upya za kuchomelea, shemeji hapo anakaa kimya anatazama dari.

Kuna jirani naye kapita, hata sikumuuliza, kasema "tafuta injini ya B16 ya Honda, chomeka kwenye gia boksi yako, umemaliza". Ndugu yangu, tuseme kwa miujiza boliti zimekubali. B16 inazunguka kinyume na ya kwangu. Nitakuwa na gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Labda yeye ndo anavyoendesha, sijui, kwa namna anavyotoka getini naanza kuamini.

Mpwa kaona amezidiwa kaja na nyingine, eti twende na wakati, tung'oe kila kitu tuweke mota ya Nissan Leaf, lile gari la umeme. Sawa, mota yenyewe haina ubaya, Leaf za kwanza zilikuwa na kilowati 80, mlima tungeupanda bila kelele. Lakini betri ya ile Leaf ya kwanza ni karibu kilo 300, na gari langu zima lina kilo mia nane na ushee. Hizo betri nikaziweke wapi, kwenye kidroo cha dashibodi?

Sasa niwaambie ile ambayo nusura inikamate. 4E-FTE. Hii ni injini yangu hii hii, cc 1331 zile zile, ila imewekewa turbo kiwandani, ile ya kuisukumia hewa zaidi, ndo ilikuwa kwenye Starlet GT Turbo na baadaye Starlet Glanza V, na inatoa hosipawa 135. Mtu akikwambia kuna injini inakaa kwenye mauntini zako na ina hosipawa 135 hulali. Nilianza hata kuitaja taja nyumbani bila sababu. Halafu nikajiuliza kitu kimoja tu: Glanza V ilinunuliwa na nani? Hakuna mtu aliyeenda kununua Starlet ya turbo ili aendeshe polepole. Kwa hiyo kila 4E-FTE iliyobaki duniani imeshapitia mikononi mwa kijana, halafu kijana wa pili, halafu wa tatu aliyeongeza bust, yaani presha ya turbo, kwa kufuata video. Hiyo ndo niipandishie mlima? Na breki zangu je? Nyuma kuna dramu, mbele kuna visahani vya kusimamisha gari la mtu mwenye adabu. Ukiongeza mwendo bila kuongeza breki umejinunulia haraka ya kufika kwenye bampa ya mwenzako. Tena gia boksi yake ni nyingine ngumu zaidi, radieta inatakiwa kubwa, mafuta yanatakiwa yale mazuri. Nikaachana nayo, japo bado nikiona picha yake naitazama kidogo.

Maana shida yenyewe ndo hii, watu wote wanakutajia injini, hamna anayekutajia vinavyoizunguka. Injini ikishaning'inia kwenye mnyororo ndo unaanza kukutana na mambo. Waya. Mungu wangu, waya. Kila injini ya nozo, zile za kunyunyizia mafuta, ina kompyuta yake, na kompyuta ina soketi zake na rangi zake za waya, na rangi za kwenye mchoro sio rangi za kwenye gari kwa sababu kuna fundi redio alipita humo zamani na waya mmoja mwekundu akafanyia kila kitu. Kama injini imetoka kwenye gari jipya jipya kompyuta inaulizia chipu ya ufunguo wake, usipokuwa na ufunguo ule inazunguka weee haiwaki, imekugomea kama mlinzi. Na wale ndugu zangu ambao magari yao bado ni ya kabureta wakitaka injini ya nozo ndo wana safari ndefu zaidi, maana pampu ya kabureta inasukuma mafuta kwa presha ndogo mno na nozo zinataka presha kama ya ba 3, kwa hiyo hapo pampu mpya, filta ya presha, na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Nani alikutajia hayo wakati anakwambia weka hii weka ile? Hakuna. Wao walishaondoka na hosipawa zao.

Mtu pekee aliyeongea cha maana alikuwa fundi, na yeye alinitajia 1NZ-FE, nayo ya Toyota. Hii sio ya kudharau. cc 1497, ina VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, ina cheni badala ya beliti ya taimingi, bloku ya aluminiamu kwa hiyo nyepesi, na spea zake zimejaa maana imewekwa kwenye magari mpaka unachoka kuhesabu. Nikafurahi. Halafu fundi akaendelea kuongea, na fundi akiendelea kuongea baada ya wewe kufurahi ujue bado hajafika. Ile 4E egzosi yake inatokea mbele, upande wa radieta. 1NZ egzosi inatokea nyuma, upande wa dashibodi. Kwa hiyo bomba lote linachorwa upya. Mauntini zake nyingine. Gia boksi nyingine. Waya turudi kwenye ile sala ya juu. Nikamuuliza, sasa hapo tumebakiza nini cha Starlet? Akafikiria, akasema viti.

Basi nimechagua 5E-FE. Nimeitangaza na hakuna aliyepiga makofi. Shemeji kasema "aah" ile ya mtu aliyepewa maji akatarajia soda. Mpwa kaniuliza kama nina uhakika. Ndiyo nina uhakika! 5E ni dada yake na 4E, upana wa silinda ni ule ule milimita 74, kilichobadilika ni mwendo wa pistoni, umetoka milimita 77.4 ukaenda 87, ndo hapo cc 1331 zinakuwa 1497. Gia boksi yangu inaipokea, mauntini zinaipokea, bloku tu imesimama juu kidogo kwa sababu ya hiyo pistoni kutembea zaidi. Na pistoni kutembea zaidi ndo nguvu ya chini chini, ile ya kuondoka na ya kwenye mlima, ambayo ndo niliomba toka mwanzo na mkaniletea Supra. Imewekwa kwenye Raum, kwenye Tercel, kwenye Paseo, magari ya watu waliokuwa wanawahi kazini na kurudi nyumbani mapema. Sio injini ambayo vijana wanaikimbilia kuiongezea bust. Ni injini isiyo na historia, na mimi kwa umri huu historia sitaki.

Kupata yenyewe nako ni sarakasi. Unaenda kwa wauza injini za mtumba, zimepangwa chini zinang'aa, zimeoshwa na dizeli mpaka unaona sura yako kwenye kifuniko. Unauliza hii imetembea kiasi gani, jamaa bila kupepesa jicho, "hii bosi elfu arobaini tu". Elfu arobaini umesoma wapi? Kilometa zinakaa kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki na gari! Injini haiandikwi chochote, ina namba yake basi. Wewe fungua kifuniko cha oili utazame, ukikuta utando mweupe kama maziwa maji yamekutana na oili humo, toa miguu yako taratibu. Zungusha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkono uone kama kuna mahali inakwama. Toa plagi uzitazame rangi, na kama jamaa anakubali piga kompresheni, yaani pima kwa geji presha ya kila silinda, injini ya petroli yenye afya mara nyingi inacheza kati ya psi 150 na 200, lakini kubwa zaidi silinda zote nne zikaribiane, ukikuta tatu zina 180 na moja ina 110 hiyo moja ndo itakuwa inakuamsha usiku. Nilipotoa geji jamaa alininunia. Eti simwamini. Ndugu, mimi hata hatukujuana jana, nikuamini kwa lipi? Mwenzake wa pembeni akakubali tupime, zikakaribiana, nikaomba na waya zake na kompyuta yake visikatwe, akavifunga vyote pamoja. Kakata upande mmoja tu wa soketi. Mmoja. Sijui mkasi ulimwasha mkononi.

Na msisahau makaratasi, maana namba ya injini inabadilika na cc zinapanda, na sehemu nyingi kadi ya gari na bima vinataka kujua hayo. Mpwa kanishauri nisiseme. Ndo ushauri wake wote ulivyo.

Sasa gari liko kwa fundi, injini ya zamani imeshashuka, na kila nikipiga simu naambiwa neno lile lile: "Bosi, kwa kuwa tumeshafungua." Kwa kuwa tumeshafungua tubadilishe klachi. Kwa kuwa tumeshafungua wota pampu na beliti ya taimingi viende pamoja. Sili ya nyuma ya kranki, maana ikija kuvuja baadaye gia boksi itashuka tena. Mauntini mpira umepasuka. Hozi za radieta zimekauka. Na kinachoniudhi ni kwamba kote huko yuko sahihi, hakuna pa kumkatalia, vitu hivyo ukiviacha leo utavilipia ufundi mara mbili. Lakini leo nimefika nimemkuta kachuchumaa anazitikisa shokapu za nyuma. Za nyuma! Injini iko mbele! Nikamwambia fundi, inuka, ikishaingia injini we funga boneti basi nichukue gari langu.

Kaniambia boneti yenyewe bawaba zake zimeisha.