Kutoa pumzi ndiko kuliko muhimu

Asante mwandishi kwa makala ya kutuliza mwili na akili wakati wa janga. Naomba niongeze jambo moja: umesema tuvute pumzi ndefu, lakini siri iko kwenye kuitoa. Vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6 au 8. Mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi. Tena ukivuta tu kwa nguvu na haraka haraka unaweza hata kupata kizunguzungu.

Nilijifunza usiku ule korongo lilipofurika hapa Dodoma, maji yakaingia ndani na simu ya mume wangu ikawa haipatikani. Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kuwasha tochi. Mama jirani akanishika mabega, akaniambia, "Mwanangu, kanyaga chini, pumua na mimi." Dakika chache tu, nikakumbuka vyeti vilipo, nikawabeba watoto.

Ila usingizi ukikosekana wiki kadhaa, pumzi peke yake haitoshi. Jamani, kwenda Mirembe tumekugeuza tusi. Ni hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, na watu wanatoka pale wakiwa na nafuu.