Daktari aliyemaliza chuo atasoma wapi?

Ukiwa mwanafunzi wa udaktari Muhimbili au Bugando, unaingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, unaweka nywila, unasoma. Shida inaanza ukishahitimu. Nywila inafungwa, unapangiwa kituo au unajitafutia kazi, na kuanzia hapo wewe ni mtu binafsi. Wachapishaji wengi wa vitabu vya kitaaluma hawakupanga biashara yao wakimfikiria mtu wa aina hiyo.

Bei zenyewe zinaonyesha. Kitabu cha marejeo cha fani moja, tuseme magonjwa ya figo kwa watoto, mara nyingi kinazidi pauni 100, yaani zaidi ya shilingi 300,000 kabla hujalipia usafirishaji. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 370,000 tangu 2022, kikapandishwa hadi 500,000 Julai 2025. Daktari analipwa zaidi ya hapo, sawa. Lakini mtoto aliyevimba uso na miguu kwa ugonjwa wa figo haanzi kwa daktari bingwa, anaanza kwa ofisa tabibu wa zahanati, na huyo ndiye kitabu kiko mbali naye kuliko wote. Ukitaka sura moja tu ya kitabu, kuna wachapishaji wakubwa wanaoiuza kwa takriban dola 30. Na yapo matoleo ya kidijitali ambayo hata ukiwa na hela mkononi huuziwi. Ukibonyeza, unaulizwa taasisi yako ni ipi. Yanauzwa kwa maktaba tu, kwa mkataba.

Mtu ataniambia kuna Hinari, mpango wa kusomea vitabu na majarida ya afya mtandaoni. Ipo, na imesaidia sana. Shirika la Afya Duniani liliianzisha mwaka 2002 pamoja na wachapishaji, na taasisi za nchi kama yetu zinasoma bure. Ila inayosajiliwa ni taasisi: chuo, hospitali ya kufundishia, wizara, maktaba ya taifa. Daktari wa zahanati binafsi kule Tunduma hawezi kujisajili kwa jina lake.

Kwa hiyo tunasoma nini? Tunasoma PDF za kwenye grupu za Telegram na fotokopi za steshenari. Siwalaumu wenzangu hata kidogo, maana anayetafuta kitabu usiku akiwa zamu anamtafutia mgonjwa. Lakini nimeshaona fotokopi ya jedwali la dozi za watoto iliyopigwa kutoka kwenye fotokopi nyingine, ikapigwa tena, hadi herufi zimefifia. Kwenye mstari wa jentamisini, dawa ya kuua bakteria, iliandikwa miligramu 7.5 kwa kilo, ila nukta ilikuwa imefutika, inasomeka 75. Jentamisini tunaitumia kila siku, kila mtu wodini angeshtuka. Dawa inayotumika mara moja kwa mwaka nani atashtuka? Hapo ndipo ninapopata hasira. Na mara nyingi kinachozunguka ni toleo la zamani, huku mwongozo wa matibabu umeshabadilika.

Wala tusidanganywe kwamba bei haiwezi kushuka. Geuza kitabu cha tiba kilichochapwa India, mara nyingi utaona maandishi kwenye jalada la nyuma: kiuzwe India na nchi za jirani zake tu. Mchapishaji ni yuleyule, kurasa ni zilezile, bei ni sehemu ndogo ya ile ya London. Wanajua kabisa namna ya kuishusha, ila wameamua wapi. Hata huku iliwahi kushushwa. Madaktari na wahandisi wa rika la wazazi wetu bado wana makabatini vitabu vyenye herufi ELBS, mpango wa serikali ya Uingereza wa kutoa matoleo ya bei nafuu kwa nchi zinazoendelea. Uliendeshwa tangu miaka ya 1960, ukasitishwa 1997. Vizazi vizima vya wataalamu wetu vilisomea vitabu hivyo, vikiwa mali yao, na penseli mkononi.

Leo Baraza la Madaktari Tanganyika linatutaka tuendelee kujifunza ndipo leseni ihuishwe. Naliunga mkono kwa moyo wote, maana tiba haisimami. Ila anayedai mtu ajisomee amsaidie pia kufika kitabu kilipo. Mawakili wametutangulia kwa hili: hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure, hata kwa wakili asiye na ofisi.

Chama cha Madaktari Tanzania kinaweza kuwa hiyo taasisi ambayo wachapishaji wanaiuliza kila tunapobonyeza. Tunalipa ada ya uanachama, sehemu yake ilipie mkataba mmoja wa vitabu vya msingi, na kila mwanachama apewe nywila popote alipo, Newala au Ngara. Mimi nitakubali ada ipande kwa ajili hiyo. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo ina maktaba mikoani. Ziwekewe kompyuta chache za kusomea Hinari, na mhudumu wa afya yeyote aruhusiwe kuketi hapo hata kama mwajiri wake ni mtu binafsi. Na tunapokaa na wachapishaji, tuwadai bei ya India kwa soko zima la Afrika Mashariki, tukienda pamoja na wenzetu wa Kenya na Uganda, kwa sababu tatizo lao ni hilihili na kwa pamoja sisi ni wateja wengi.