Taya la mtoto halisubiri meno yaishe kung'oka

"Subirini kwanza meno ya utotoni yaishe." Ndivyo tulivyoambiwa mwanangu alipokuwa na miaka 7, meno yake ya chini yakipita mbele ya yale ya juu kila anapofumba mdomo. Tukasubiri. Sasa ana miaka 16, na tunaambiwa tungoje tena amalize kukua, afanyiwe upasuaji.

Kinachoniuma ni kwamba ushauri ule ungemfaa mtoto mwingine. Meno yaliyobanana tu mara nyingi yanaweza kungojea nyaya za kunyoosha meno hadi miaka 12. Mfupa ni habari nyingine, na kila taya lina wakati wake.

Taya la juu lililobaki nyuma huvutwa mbele kwa kifaa kinachovaliwa usoni, na kazi hiyo huenda vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Hakuna uhakika, maana kwa wengine taya la chini hulipita tena wakibalehe. Hata hivyo ningetaka mwanangu ajaribishwe kifaa hicho.

Kwa mdogo wake tuliwahi. Alikuwa na kaakaa jembamba, akawekewa kifaa cha kulitanua akiwa na miaka 9. Kila jioni nilizungusha skrubu yake kwa ufunguo mdogo, robo milimita tu. Siku si nyingi pengo likatokea kati ya meno yake mawili ya mbele, akalia mbele ya kioo. Mimi nilishusha pumzi: pengo lile lilionyesha kwamba maungio ya katikati ya kaakaa yameachia. Maungio hayo hukaza kadiri ujana unavyosonga, na mtu mzima mara nyingi huhitaji kupasuliwa.

Taya dogo la chini, lile linaloacha meno ya juu yamechomoza, halihitaji haraka hiyo. Tafiti zimeonyesha kuwa walioanza mapema na walioanza wakibalehe huishia karibu sawa. Faida ya kuwahi ni kupunguza hatari ya meno ya mbele kuvunjika mtoto akianguka.

Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, uliza: tatizo ni meno au taya? Taya lipi? Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto achunguzwe kabla hajapita miaka 7. Achunguzwe tu, si lazima atibiwe. Na leo jioni mwambie aume meno ya nyuma polepole, umwangalie kidevu. Kikihamia upande mmoja, mpeleke.