Akili Hisia Ianzie kwa Msimamizi

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha, nikijibu maombi ya wageni waliotaka kupanda Kilimanjaro au kutembelea Serengeti. Kuanzia Juni hadi Oktoba, ambao ndio msimu wenyewe, sisi tulipofunga ofisi saa kumi na moja jioni, New York ilikuwa ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Barua pepe zilitufuata kwenye daladala ya Usa River, mezani na hata kitandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini saa zile za usiku hazikuhesabiwa na yeyote.

Tuliletewa semina ya akili hisia. Dhana hiyo, kama walivyoifafanua wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990, inahusu kutambua hisia zako na za wenzako, kisha kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Sisi tulifundishwa namna ya kutabasamu mbele ya mgeni aliyekasirika. Wasimamizi hawakuhudhuria, na kwa maoni yangu hao ndio waliohitaji somo kuliko sisi.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto wake. Hakuna aliyemnyima haki hiyo. Ila kila alipoinuka, msimamizi alimuuliza mbele ya watu wote, “Dada, unatoka tena?” Baada ya wiki mbili akaacha kutoka, na akasifiwa kwa uvumilivu wake, sifa iliyoniuma kuliko hata lile swali.

Mwaka uliofuata tulipata msimamizi mwingine, mama mtu mzima, ambaye alipanga zamu ya jioni yenye malipo ili mmoja wetu ajibu barua pepe na wengine wapumzike. Mwenzetu akawa anatoka saa nane kwenda nyumbani kwake Sakina na kurudi saa kumi, na aliporudi aliulizwa tu kama mtoto ameshiba.