Kaka alimimina maji nje ya kikombe

Kaka yangu alianza kumimina maji pembeni ya kikombe. Shemeji alinieleza kwa simu akidhani ni uchovu. Kwa miezi kaka alikuwa akiamka na kichwa kinamgonga, anatapika, kisha ikifika saa nne anapata nafuu. Kila alipokwenda kutibiwa alirudi na vidonge vya maumivu. Mara moja aliambiwa ni mawazo. Kumbe alikuwa na uvimbe ndani ya fuvu, na hakuna aliyemmulika ndani ya jicho.

Hilo ndilo linaloniuma. Huku ninakoishi, mwenzangu wa kazini alianguka kifafa, naye hakuwa amewahi kuanguka maishani mwake. Jioni hiyohiyo akapigwa CT skani, kesho yake MRI, zote picha za ndani ya kichwa, kwa sababu mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, ubongo wake lazima utazamwe. Nikisimulia nyumbani, najibiwa kwamba huko kuna mashine. Ni kweli, na sisi tunazihitaji. Lakini shinikizo likipanda ndani ya fuvu, neva ya jicho huweza kuvimba pale inapoingilia nyuma ya jicho, na daktari huliona hilo kwa kifaa chenye taa kinachoenea mfukoni. Si kila kichwa ni uvimbe, vingi si kabisa. Ila kichwa cha alfajiri chenye kutapika, na macho yanayofifia, kinadai mtu wa kushuku. Kaka alimkosa huyo.

Uvimbe wake haukuwa saratani. Ulikuwa meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, daraja la 1 kati ya 4. Tatizo ni kwamba fuvu halitanuki, hivyo hata uvimbe mpole ukikua hubana. Alipewa dawa ya deksamethasoni kupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka, akapasuliwa, ukatolewa wote. Jicho la kushoto halikurudi kuona.

Mwenzangu wa huku alikutwa na glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la 4, lililo kali kuliko yote. Upasuaji, mionzi, vidonge vya saratani vya temozolomaidi, vyote alivipata bila kuhangaika. Lakini aliishi peke yake. Daktari alipotuuliza kama tabia yake ilikuwa imebadilika, tulitazamana. Baadaye sana tukakumbuka kwamba alikuwa ameacha kutusalimia.

Shemeji aliona kikombe tangu siku ya kwanza. Alijua kichwa kinaanza saa ngapi, kinaisha saa ngapi, kaka amejikwaa mara ngapi mlangoni na kwa upande gani. Kila walipokwenda kutibiwa, aliambiwa asubiri nje kwenye benchi.