Nyumba za Olimpiki: ahadi huvunjikia kwenye mkataba

Kijiji cha wanamichezo cha London 2012 kilikuwa na nyumba 2,818, na wakati wa mashindano hazikuwa na majiko. Nafasi ilikatwakatwa kwa kuta za muda ili vitanda vienee. Wageni walipoondoka, mafundi walirudi kubomoa kuta hizo na kufunga majiko, na wapangaji wa kwanza wakaingia mwishoni mwa 2013. Jengo la kulaza wanariadha kwa wiki chache na jengo la kulea familia kwa miaka 60 si kitu kimoja, na gharama ya kuligeuza la kwanza kuwa la pili lazima mtu ailipe. Ndiyo maana nyumba ndiyo sehemu ya uenyeji wa michezo inayohitaji macho makali kuliko hata uwanja.

Wanaotetea uenyeji wana hoja nzito. Kati ya nyumba hizo, 1,379 zilinunuliwa na kampuni ya nyumba ya Triathlon Homes ziwe za bei nafuu, zikiwemo 675 za pango la chini kwa familia zilizokuwa kwenye orodha za kungojea. Stratford, mahali kijiji kilipojengwa, ilikuwa ardhi ya reli na viwanda vya zamani, yenye udongo uliochafuliwa. Kuusafisha, kuvuta miundombinu na kujenga karibu nusu ya mtaa mzima kwa watu wasiomudu bei ya soko, yote kwa mpigo mmoja, ni jambo ambalo London haikuwa ikilifanya kwa mwendo wake wa kawaida. Tarehe isiyosogezeka ililazimisha idara zilizozoea kusukumiana mafaili kukaa meza moja. Mkosoaji anayeliruka hilo hatendi haki.

Lakini tarehe hiyo hiyo humpokonya mwenye mali nguvu ya kujadiliana. Mpango wa London ulikuwa kampuni ya Lend Lease itafute fedha binafsi. Msukosuko wa 2008 ulipofunga mikopo, serikali haikuweza kusema "tusubiri miaka miwili". Mwaka 2009 ikaubeba mradi wote. Ujenzi ulifika takriban pauni bilioni 1.1. Nyumba za bei nafuu ziliuzwa kwa milioni 268, na zilizobaki, pamoja na viwanja vya kuendeleza baadaye, zikaenda kwa kampuni za Qatari Diar na Delancey mwaka 2011 kwa milioni 557. Jumla ni milioni 825. Pengo ni milioni 275.

Pengo lenyewe silioni kuwa kashfa. Ukiligawa lote kwa zile nyumba 1,379, linatoka karibu pauni 199,000 kwa kila moja, na huenda mji ungekubali kutoa ruzuku ya kiasi hicho. Kasoro ni kwamba haikuwahi kuwekwa mezani kama ruzuku. Ilijitokeza kama hasara baada ya mauzo, wakati mlipakodi hana tena nafasi ya kuuliza kama fedha hizo zingejenga nyumba nyingi zaidi kwingine.

Vancouver 2010 inaonyesha hali ikizidi kuwa mbaya. Kijiji kilijengwa kwenye ardhi ya jiji kwa mkopo wa kampuni ya uwekezaji ya Fortress Investment Group. Mkopeshaji alipokaza mkono mwaka 2008, madiwani walikubali kwa siri, katika kikao cha faragha, kumkopesha mjenzi dola milioni 100 za Kanada. Umma ulijua baada ya habari kuvuja. Januari 2009 bunge la jimbo likabadilisha sheria ili jiji likope bila kupiga kura ya maoni. Nyumba 252 zilizoahidiwa kuwa za bei nafuu zikapunguzwa nusu mwaka uliofuata. Mwaka 2014 jiji lilitangaza kuwa deni limelipwa, na utawala wa jiji unastahili sifa kwa hilo. Ila tazama kilichokatwa hesabu zilipobana: haikuwa sakafu wala madirisha, ilikuwa nafasi ya wapangaji maskini.

Tokyo 2020 ilikwama kwenye bei ya ardhi. Serikali ya jiji iliuza hekta 13.4 za eneo la kijiji, Harumi, kwa yeni bilioni 12.96, na wakazi wakaenda mahakamani wakidai hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya bei ya soko. Serikali ilijitetea kuwa wanunuzi wamefungwa na masharti ya kijiji na wangechelewa kupata faida. Desemba 2021 mahakama ilikubaliana nayo. Utetezi huo una mantiki. Hata hivyo, ukishauza kwa bei ya chini kwa sababu ya masharti, ni lazima uweke na sharti la nani anunue. Mwanzoni hapakuwa na kikomo cha maombi kwa mtu mmoja katika bahati nasibu ya kununua nyumba hizo, na wawekezaji wakajaza fomu nyingi nyingi.

Kuna pia suala la maana ya maneno. Nchini Uingereza, tangu 2011, pango la "nafuu" linaweza kufika asilimia 80 ya bei ya soko. Karibu na bustani ya Olimpiki, asilimia 80 ya bei iliyopandishwa na Olimpiki yenyewe bado ni mlima kwa mhudumu wa hospitali. Ahadi inayotaja idadi ya nyumba bila kufunga pango kwenye kipato cha mpangaji haina meno. Na hesabu itoe vilevile waliopoteza: Clays Lane, makazi ya ushirika yaliyokuwa ndani ya eneo lililotwaliwa, yalihamishwa mwaka 2007 yakiwa na watu wapatao 430.

Uwajibikaji hauishii siku ya kukabidhi funguo. Kuta za nje za majengo matano ya kijiji hicho cha London zilikutwa na kasoro za usalama wa moto. Mwaka 2024 baraza la mashauri ya makazi liliamuru mwendelezaji na kampuni inayohusiana naye kuchangia takriban pauni milioni 18, na Julai 2025 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo. Njia hiyo ilifunguliwa na sheria ya usalama wa majengo ya 2022, miaka kumi baada ya mashindano. Mji unaotia saini leo usingoje bunge. Uandike dhamana ya kasoro, na kampuni mama itakayoibeba, ndani ya mkataba wenyewe.

Glasgow 2014, iliyoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilikaribia njia hiyo ya kuandika mambo mapema kwa kugawa nyumba mapema: nyumba 700, 300 za kuuza na 400 za pango la chini chini ya mashirika ya nyumba yaliyojulikana mapema. Los Angeles 2028 imechagua kutojenga kabisa. Wanariadha watalala kwenye mabweni ya chuo cha UCLA. Kwa mlipakodi hiyo ni ahueni kubwa, kwa kuwa hakuna kijiji cha kuokoa. Kwa anayelala barabarani mjini humo, ni michezo itakayopita bila kumwachia hata chumba kimoja, na sidhani hesabu ya kwanza inaifuta ya pili.