Fundi wa Nyakato na Vita ya Bei

Ukizunguka karakana za Nyakato hapa Mwanza ukiulizia geti, bei itakuwa inashuka kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na ukichunguza utakuta tofauti imo kwenye chuma: aliyepunguza bei ametumia bomba la geji 18, lililo jembamba zaidi, pale mwenzake alipotumia geji 16. Mashine zao za kuchomelea zinafanana na muundo wa geti kila mtu ameuona, hivyo kinachobaki kupunguzwa ni unene wa chuma au ujira wa kibarua.

Kwa maoni yangu, atakayetaka kutoka humo abuni bidhaa pamoja na watu wa nje ya karakana yake. Wazo hilo, linaloitwa ubunifu wazi, Henry Chesbrough wa Marekani aliliandikia mwaka 2003 akizitazama kampuni kubwa kama Xerox, ambayo maabara yake ilibuni mambo yaliyokuja kuwatajirisha wengine. Fundi wetu hana maabara. Kwa hiyo analihitaji zaidi.

Tazama dagaa. Wakianikwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga wao, na mvua ikishika siku mbili mzigo huharibika au huishia kwenye chakula cha kuku. Akina mama wanaoanika wanajua chanja iwe na kimo gani ili mtu ageuze dagaa bila kuinama kutwa nzima, na wavu uwe na matundu ya ukubwa gani. Chuo cha uvuvi cha Nyegezi na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wanajua kupima unyevu. Fundi anajua kuchomelea. Kikaushio cha jua kitakachotokana na watu hao hakitauzwa kwa kulinganisha geji.

Mafundi wengi huogopa kuibiwa, ingawa mageti yao yenyewe yanaigwa kila siku kwa picha ya simu. Kikaushio nacho kitaigwa. Kisichoigwa upesi ni yule mama anayerudi baada ya masika kueleza mlango ulivuja wapi, maana kwa maneno yake fundi hutengeneza cha pili kilicho bora wakati mwigaji bado anahangaika na cha kwanza.

Lawama si ya mafundi peke yao, kwani vielelezo vingi vya wataalamu huishia kwenye mabanda ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo. Ningependa makubaliano yaandikwe mapema, hata kwenye karatasi moja: mchoro ni wa nani, kikundi cha waanikaji kitoe uwanja na dagaa wa majaribio, chuo kitoe vipimo, fundi atoe kazi yake, na chuma cha kikaushio cha kwanza wakichangie wote.